Jibu: Je, mitandao ya wanasayansi wanawake ina faida kwa mtu aliye Lamu?

Mdogo wangu, umeuliza kama ina maana yoyote kujiunga na mitandao ya wanasayansi wanawake, ilhali umemaliza shahada ya sayansi ya bahari na umerudi kukaa Lamu, mbali na vyuo vikuu na mikutano. Nakujibu kwa niliyoyapitia katika utafiti wa mikoko huku huku kwetu. Faida ipo, lakini haitokani na kuandikisha jina. Inatokana na kupata watu wachache wanaoijua kazi yako vizuri, kiasi cha kuisemea mahali ambapo wewe hupo.

Nikupe mfano. Kwa kawaida unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini. Kwa mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, hilo ni jepesi, lakini mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hutokeza shinani na kushuka topeni, mara nyingi mizizi hiyo hupita kimo hicho, na ukiwa umezama tope hadi magotini, utepe mkononi, maji yameanza kujaa na nahodha anakuita, hujui upimie wapi. Niliuliza swali hilo katika kikundi cha wanawake wa fani yetu. Usiku uleule mtafiti mmoja wa Tanzania, aliyenitangulia kwa miaka mingi, alinijibu kwamba hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kabisa, akanisisitizia nilieleze hilo waziwazi katika sehemu ya mbinu, kwa sababu mhakiki wa makala hataliacha lipite. Jibu hilo ningelipata hata vitabuni. Ambalo nisingelipata vitabuni ni kwamba aliniomba rasimu yangu, akairudisha imejaa maswali, na baadaye timu moja ilipotafuta mtu wa kusimamia kazi ya uwandani kisiwani Pate, yeye ndiye aliyelitaja jina langu.

Kwa hiyo chagua mtandao kwa kuangalia unachokihitaji sasa. Ukitafuta ufadhili wa uzamivu, angalia OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, lililozinduliwa Kairo mwaka 1993 na lenye makao yake Trieste, Italia. Ufadhili wake unaruhusu mpango wa kugawa muda kati ya chuo cha nchi yako na chuo mwenyeji cha nje, jambo lenye uzito kwa mwenye wazazi au watoto wa kuwaangalia. Lakini soma kwanza orodha ya nchi zinazostahili kwa mwaka unaoomba. Ukielekea utafiti wa kilimo, ipo AWARD ya Nairobi, mpango wa kuwakuza wanawake watafiti wa kilimo Afrika ulioanza mwaka 2008, ambayo humwekea mtafiti mlezi wa kitaaluma na kumtaka naye amlee aliye chini yake. Kwa wewe wa bahari, ningeanza na WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Bahari ya Hindi Magharibi yenye makao Zanzibar. Si ya wanawake peke yao, lakini kongamano lake ndilo lililonikutanisha na wengi wa hao ninaowaita dada zangu leo.

Kuna jambo ambalo wanaume wa fani yetu hawalioni upesi. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikuwa ikinibakisha mezani kuingiza takwimu na kuwapeleka wenzangu wa kiume uwandani, kwa hoja kwamba kulala visiwani ni taabu kwa mama mwenye mtoto anyonyaye. Hakuna aliyeniuliza mimi. Iliniuma sana, kwa sababu asiyeonekana uwandani hatajwi kwenye makala. Wanawake waliokwisha kupita njia hiyo walinisaidia kuandika barua ya kuomba zamu yangu, na wakanionyesha jinsi ya kuweka gharama za yaya katika bajeti ya safari pamoja na mafuta ya mashua. Nyumbani nako nilizungumza na mama mkwe mapema, na binamu yangu akafuatana nami safari za mwanzo. Mpango wa namna hiyo haumo katika mwongozo wowote wa utafiti. Utaupata kwa mwanamke mwenzako aliyeufanya.

Vikundi ambavyo kila siku ni matangazo na pongezi tu, usione haya kujitoa.

Usijiunge mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: swali lako la utafiti, takwimu ulizo nazo tayari hata zikiwa za tasnifu ya shahada ya kwanza, na msaada mmoja mahususi unaouomba. Anayepokea ombi la aina hiyo hujua pa kuanzia, ila anayeambiwa tu "naomba mwongozo" hukawia kujibu. Nitumie ukurasa huo kwa ujumbe wa faragha kabla ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, kwani nikishaingia mikokoni huwa sipati mtandao wa simu.