Kwa nini letusi hurefuka shina na kutoa maua mapema

Ndugu, umeuliza kwa nini letusi zako, ambazo wiki mbili zilizopita zilikuwa na majani mapana na laini, sasa zimerefuka shina na kuanza kutoa maua kabla hujavuna za kutosha. Najua inavyovunja moyo. Letusi ni mmea unaopenda ubaridi: joto la mchana likizidi nyuzi 25 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, hasa katika majira ambayo mchana ni mrefu, mmea huacha kukuza majani na kuelekeza nguvu zake zote kwenye maua na mbegu. Udongo unaokaukakauka, pamoja na miche iliyobanana au iliyokaa mno kitaluni, huharakisha jambo hilo.

Kata shina moja ulitazame: utaona utomvu mweupe kama maziwa, na humo ndimo ulimo uchungu unaouonja katika majani. Shina likishaanza kupanda, mmea haurudi tena katika hali yake ya awali, hata ukikata ncha. Kwa hiyo vuna leo majani ambayo bado ni matamu, kisha uache mmea mmoja, ule uliochelewa kuliko yote kutoa maua, ukupatie mbegu.

Safari ijayo chagua aina inayostahimili joto, weka kivuli chepesi wakati wa jua kali, tandaza nyasi kavu ili unyevu usipotee, na panda mbegu kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Udongo wenye joto kali huzuia hata mbegu kuota, hivyo ni afadhali kuzipanda jioni.