Jibu: Siku moja na reli ya zamani Kigoma

Mkuu, umeuliza kama wewe na marafiki zako mnaweza kupanda treni Kigoma hadi Uvinza na kurudi siku hiyohiyo. Msitegemee hilo. Treni za Reli ya Kati hazitembei kila siku, kwa hiyo kurudi huenda kukawa kwa basi. Ulizeni stesheni kwanza saa ya kuondoka, maana Uvinza usiku hamtaona chochote.

Mimi ningeanzia stesheni yenyewe ya Kigoma, jengo la Wajerumani linalotazama ziwa. Reli ilifika Tabora 1912 na hapa 1914. Simameni mwisho wa reli mkumbuke meli ya MV Liemba: iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa reli hii na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Ilizamishwa makusudi 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwangu hiyo ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za reli yetu, na inastahili kusimuliwa mkiwa papo hapo.

Kabla ya kupiga picha, ombeni ruhusa. Mchana kuleni ugali na samaki wa migebuka, halafu daladala hadi Ujiji.