Jibu: Ctrl+I imekufa ndani ya Vim baada ya kuipa Tab kazi mpya

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye mipangilio ya Vim (programu ya kuhariri maandishi) umeweka `nnoremap <Tab> :bnext<CR>` ili Tab ikupeleke kwenye bafa (faili lililofunguliwa ndani ya Vim) inayofuata, na tangu hapo Ctrl+I, badala ya kukurudisha mbele baada ya Ctrl+O kukupeleka nyuma ulikokuwa, nayo inabadilisha bafa.

Kibodi ni nzima, usiifungue. Ndani ya tamino (dirisha la kuandikia amri), Tab na Ctrl+I hutuma alama moja, namba 9, kwa hiyo Vim haina namna ya kujua umebonyeza kipi. Pacha wengine wa aina hii ni Enter na Ctrl+M, halafu Esc na Ctrl+[. Huyu wa mwisho ndiye msumbufu kuliko wote. Ukimpa kazi mpya, hata kutoka kwenye hali ya kuandika kunakuwa kazi.

Kwanza andika `:verbose nmap <Tab>`. Itakuonyesha faili lililoweka amri hiyo mara ya mwisho, maana mara nyingi ni plagini (programu ndogo ya nyongeza), si wewe. Ukitaka uhakika, fungua kwa `vim --clean`, yaani bila mipangilio yako wala plagini, ujaribu tena Ctrl+O na Ctrl+I.

Mimi Tab huiacha kabisa, natumia hii:

`nnoremap ]b :bnext<CR>`

Kama uko Neovim (ndugu yake Vim) toleo 0.7 au zaidi, na tamino yako inajua kutofautisha vitufe hivyo, kitty kwa mfano, ongeza `nnoremap <C-I> <C-I>` na ubaki na Tab yako. Kwenye Vim ya kawaida mimi nisingehangaika nayo.