Pingili Hufanana na Shina Mama, Mbegu Hazifanani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shamba la zabibu huko Hombolo, Dodoma. Mizabibu yote niliipanda kwa pingili nilizokata kwenye shina moja la jirani yangu, na kwa miaka kumi na miwili sasa zabibu zake ni zile zile kwa rangi na kwa ladha. Miaka minne iliyopita mjukuu wangu, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alisia mbegu za zabibu hizo hizo kwenye kopo. Mche mmoja uliokua umezaa msimu huu, na zabibu zake ni ndogo, kali, tena hata rangi si ile. Nilipomuuliza alisema ni mambo ya kromosomu, kwamba seli ikigawanyika nazo hugawanyika nusu kwa nusu. Sikuridhika. Kama zinakatwa nusu kila mara, mbona mizabibu yangu haijaishiwa? Na mbona pingili hazikubadilika, mbegu zikabadilika?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Hesabu yako ni sahihi. Seli ya kawaida ya mzabibu ina kromosomu 38, yaani nyuzi zinazobeba maelekezo ya mmea. Kama kila mgawanyiko ungezikata nusu, seli mbili za mwanzo zingebaki na 19 kila moja, na zile zitakazofuata zingebaki na tisa na nusu, jambo lisilowezekana. Mjukuu wako hakusema uongo, ila amechanganya migawanyiko miwili ambayo huanza kwa namna moja na kuishia kwa namna tofauti.

Tuanze na ule unaofanyika kila siku shambani kwako, kwenye ncha za mizizi na kwenye machipukizi yanayotoka baada ya kupogoa. Ndani ya kiini cha seli kuna nyuzi ndefu na nyembamba mno za DNA, ambazo ndizo zilizobeba maelekezo ya mmea, tangu umbo la jani hadi rangi ya ganda la tunda. Kabla ya kugawanyika, seli huzinakili nyuzi hizo zote, kila uzi ukapata pacha wake, na mapacha hao hubaki wameshikana mahali pamoja. Kwa hiyo seli iliyo tayari kugawanyika ina maelekezo maradufu, na ndiyo sababu kila upande unaweza kuondoka na fungu kamili. Mjukuu aliiruka hatua hii, wala si yeye peke yake, kwa kuwa hatua yenyewe haionekani kwa hadubini ya shuleni: seli huonekana imetulia tu, kana kwamba haina kazi.

Inabaki kazi ya kugawana. Yeyote aliyewahi kuchambua nyuzi za kufumia zilizovurugika ndani ya kapu anajua kuwa zikivutwa ovyo hufanya mafundo na kukatika. Seli huepuka balaa hilo kwa kuusokota na kuukunja kila uzi kivyake mpaka uwe kijiti kifupi kinene, na katika hali hiyo ndipo kromosomu zinapoonekana wazi. Jina hilo limetokana na Kigiriki, maana yake ni mwili wenye rangi, kwa sababu vijiti hivyo hunywa vizuri rangi zinazotiwa kwenye seli wakati wa kuzichunguza. Mjerumani Walther Flemming, aliyechunguza seli za salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi, na kuchapisha michoro yake mwaka 1882, alionyesha jinsi vijiti hivyo vinavyopasuka kwa urefu. Hapo penye neno urefu ndipo lilipo jibu lako. Kromosomu haikatwi vipande kama muwa. Pacha mmoja huvutwa upande huu na mwenzake upande wa pili, kwa nyuzi nyingine nyembamba, zisizo za DNA, zinazotoka pande zote mbili za seli. Tena seli haina pupa: ikiwa kromosomu moja haijashikwa sawasawa kutoka pande zote mbili, kwa kawaida zilizobaki huisubiri. Kisha ukuta mpya hujengwa katikati, na palipokuwa na seli moja yenye kromosomu 38 zikawa mbili, kila moja na 38 zake. Hatua hizi zina majina yake, lakini hayo ni ya mtihani, mjukuu atakusomea.

Pingili hukua kwa mgawanyiko huo tu. Ndiyo maana shamba lako lote, kwa maelekezo yaliyomo ndani ya seli zake, ni mzabibu mmoja uliotawanywa mahali pengi. Mara chache hutokea kosa katika kunakili, na tawi moja likazaa zabibu za rangi nyingine. Aina ya Ulaya iitwayo Pinot Gris, yenye ganda la kijivu, ilitokana na Pinot Noir nyeusi kwa njia hiyo.

Mgawanyiko wa pili, huo aliousema mjukuu, hufanyika ndani ya ua, chavua na mayai ya mmea yanapoandaliwa. Zile kromosomu 38 ni jozi 19, na katika kila jozi moja ilitoka kwa mzazi dume wa mzabibu na nyingine kwa mzazi jike. Hapa seli hunakili mara moja lakini hugawanyika mara mbili, hivyo kila chembe ya chavua huondoka na 19, moja kutoka kila jozi. Ipi itakwenda wapi ni bahati nasibu: kwa jozi 19 kuna michanganyiko 524,288, kabla hata hujahesabu kuwa wenzi wa jozi hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Chavua inapoungana na yai, 19 na 19 hurudisha 38. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alitabiri upunguzaji huu mwaka 1887 kwa hoja inayofanana na yako, ila yeye alihesabu kwa kupanda: kama usingekuwapo, idadi ingeongezeka maradufu katika kila kizazi.

Kwa hiyo, hata chavua ya shina lako ikiangukia ua la shina hilo hilo, mbegu haipati nakala ya mama yake. Hupata karata zile zile zilizochanganywa upya, na sifa iliyokuwa imefunikwa na nyingine, kama vile rangi, huweza kujitokeza. Migomba mingi tunayokula ina tatizo la jirani na hilo: ina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33, na kitu cha seti tatu hakigawanyiki vizuri kwa mbili, ndiyo maana ndizi zake hazina mbegu za kupanda na mkulima hutegemea machipukizi.

Mche wa mjukuu usiung'oe kwa hasira. Watafiti wanaotafuta aina mpya za zabibu nao husia mbegu nyingi na kutupa karibu zote. Asie zaidi akitaka, na akipata mmoja mtamu, mbegu zake aziache, akate pingili.