Mashine ya Kufyekea Inapogoma Kuwaka, Anza na Plagi

Masika yanapoanza huku Muheza, nyasi za katikati ya michungwa hupanda haraka, na mashine za kufyekea zilizokaa stoo tangu vuli ilipoisha hutolewa nje, nyingi zikiwa zimegoma. Mwenye mashine huvuta kamba mpaka bega limuume, kisha hushika bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Kwa misimu kadhaa nimezihudumia mashine hizi shambani kwangu na kwa majirani, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba skrubu hizo zisiguswe. Mashine iliyofyeka vizuri msimu uliopita haikujizungushia skrubu ikiwa stoo. Kilichobadilika ni kitu kingine, na plagi ndiyo itakayokuonyesha pa kukitafuta.

Funga choki, yaani kizibo cha hewa cha kabureta, vuta kamba mara chache, kisha fungua plagi na uitazame kabla hujaifuta. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda, kwa hiyo huna sababu ya kuhangaika na koili inayotengeneza cheche ya plagi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, na tatizo ni moto hafifu, yaani cheche dhaifu ya plagi, au mafuta yaliyozidi, au mafuta mabovu.

Mafuta kuzidi ndiko ninakokuta mara nyingi zaidi, na chanzo chake huwa ni matumizi ya choki. Injini baridi huhitaji choki ifungwe mpaka itakapokohoa mara ya kwanza. Ikishakohoa tu, choki ifunguliwe, kwa maana anayeendelea kuvuta kamba huku choki imefungwa anamimina petroli ndani ya silinda na kuilowesha plagi, na kadiri anavyokazana ndivyo anavyozidi kuharibu. Dawa yake ni kuzima swichi, kutoa plagi, kufungua choki, kubana kishikio cha mafuta mpaka mwisho, kuinamisha mashine ili tundu la plagi litazame chini, kisha kuvuta kamba mpaka mafuta yaliyozidi yamwagike. Kausha plagi, irudishe, na uwashe bila choki.

Ikiwa bado inagoma, pima moto. Chomeka plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake na mapezi ya silinda mbali na tundu, maana tundu hilo hutoa mvuke wa petroli unaoweza kulipuka, kisha washa swichi na uvute kamba ukiwa kivulini ambako cheche itaonekana. Isipotoka, jaribu kwanza plagi mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, yenye mwanya wa kati ya milimita 0.5 na 0.7. Plagi za bodaboda nyingi zina uzi mwembamba zaidi, hivyo usikubali kuuziwa kwa maneno ya kwamba zote ni sawa. Plagi mpya nayo ikikosa moto, chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili. Moto ukirudi, koili ni nzima na kasoro ipo kwenye swichi au waya uliochubuka na kugusa chuma. Kwa sisi tulio karibu na pwani, kutu kwenye sumaku za flaiwili, lile gurudumu linalozunguka kando ya koili, nayo hudhoofisha moto, na kipande cha msasa laini hutosha kuiondoa.

Plagi kavu inakupeleka kwenye tangi. Vuta kwa waya uliokunjwa lile chujio dogo lililo mwisho wa mrija, uone kama limeziba kwa uchafu, na ukunje mrija wenyewe kwa vidole, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka nyufa ndogo karibu na mdomo wa tangi na kuvuta hewa badala ya mafuta. Kilegeze pia kifuniko cha tangi kidogo: mashine ikiwaka hapo na kuzimika ukikikaza, tundu lake la kupitishia hewa limeziba. Hayo yote yakiwa mazima ndipo kabureta ifunguliwe, na hata hapo ninachotafuta ni vitu viwili tu, yaani kichujio kidogo cha wavu kilichojaa utando wa kahawia, na kiwambo cha mpira kilichokakamaa. Kiwambo kizima hulegea ukikigusa kwa kidole. Kilichokakamaa hakina tiba, kinabadilishwa.

Utando huo wa kahawia ni mabaki ya mafuta yaliyoachwa kwenye tangi. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoyeyuka upesi kuwa mvuke, na hizo ndizo zinazoiwasha injini baridi. Zikitoroka kwa joto la stoo yenye bati, hubaki mafuta mazito pamoja na oili, ambayo hulowesha plagi lakini hayawaki kwa urahisi. Kwa hiyo sitii tena kwenye mashine mchanganyiko wa petroli na oili uliozidi mwezi mmoja, na kabla ya kuihifadhi ninamwaga tangi, kisha ninaiacha injini iungurume mpaka izimike yenyewe. Petroli ya chupa za barabarani ninaikwepa, kwa kuwa hujui imekaa juani muda gani wala kama ina maji.

Oili nayo iwe ya injini za mipigo miwili, ile ambayo madukani huitwa 2T. Kipimo cha moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na cha moja kwa 25 ni mililita 40. Fuata kinachosemwa na kitabu cha mashine. Kuongeza oili kwa nia ya kuilinda injini huchafua plagi na kujaza masizi kwenye wavu mdogo wa ekzosi, ambao ukiziba injini hushindwa kupumua. Usafishe kwa brashi ya waya.

Moto na mafuta vikiwa sawa, shuku mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kamba ya injini nzima hukaza mahali fulani unapoivuta polepole. Ikiteleza tu kana kwamba plagi haimo, fungua ekzosi na uchungulie pistoni kupitia tundu lake. Ukiona mikwaruzo ya wima kwenye ubavu wake, injini imekimbia bila oili ya kutosha, na hakuna plagi wala kabureta itakayoiokoa. Hapo uliza bei ya silinda, pistoni na ringi kwa pamoja, uilinganishe na bei ya mashine mpya, kabla hujamruhusu fundi kufungua chochote.