Zamu tatu kwa wiki, na ujauzito wa miezi mitano

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni tabibu, nina diploma na leseni, niko zahanati binafsi hapa Gungu, Kigoma. Naingia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa 10 jioni mpaka saa 4 usiku. Nina miaka miwili na miezi minne pale. Nalipwa kwa zamu, mkononi, na sina mkataba. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Nilipomwuliza mwenye zahanati habari za likizo ya uzazi alinijibu, "Wewe si mwajiriwa, unakuja kutusaidia tu. Ukijifungua tutaona." Je, kweli sina haki?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu akuvushe salama.

"Kutusaidia." Neno hilo nililisikia miaka sita, nilipokuwa tabibu wa zamu za usiku Ujiji. Usiku mmoja nilikuwa namwekea dripu mtoto mwenye malaria kali, akajirusha, sindano ikanichoma kidole gumba. Mwenye zahanati alikuja asubuhi akanipa pole na nauli ya bodaboda. Vipimo na dawa za kinga nilihangaikia mwenyewe. Ndiyo maana barua yako nimeitanguliza.

Wewe ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Zamu zako ni saa 18 kwa wiki, yaani zaidi ya 70 kwa mwezi. Na mkataba kutoandikwa si kosa lako. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na mkifika kwenye shauri bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 ukijaliwa mapacha. Lakini taarifa inatakiwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa hiyo andika wiki hii, nakala mbili, ya pili akusainie kwamba ameipokea. Tena, miezi miwili kabla ya kujifungua hatakiwi kukupanga kazi ya usiku, na kisheria usiku unaanza saa 2. Zamu yako itabidi ifupishwe. Ukirudi, una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Na hayo si yote aliyokunyima. Likizo ya mwaka ni siku 28, kwa malipo ya zamu zako. Kila saa ya baada ya saa 2 usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi anauchangia mwajiri peke yake, nao ndio unaomhudumia aliyeumia kazini. Kidole changu kile kisingenigharimu hata shilingi.

Sasa ushahidi. Ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani ipige picha kila mwezi. Kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya zahanati ya wagonjwa wa nje, kimejaa mwandiko wako, lakini nakuomba sana usikipige picha: mle mna majina ya watu na maradhi yao. Nunua daftari lako, andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa uliyopokea.

Anza kwa kuzungumza naye, barua mkononi. Wenye zahanati wengi hawajawahi kuisoma sheria hii, na wengine hulegea wakiona namba ya kifungu. Akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Akikuachisha kwa sababu ya ujauzito, hiyo si halali kabisa, ila muda wa kulalamika ni siku 30 tu. Usiseme utakwenda mtoto akitimiza arobaini.