Kabla ya kupima helisiti ya sumaku, kata tyubu ya baiskeli

Wanaokuja kwangu hapa Dodoma wakitaka kupima helisiti ya sumaku, yaani kiasi ambacho mistari ya uga sumaku imepitana na kujisokota ndani ya plazma (gesi yenye chaji za umeme, kama ile ya Jua), siwakalishi mbele ya kompyuta siku ya kwanza. Nawatuma Majengo kwa fundi baiskeli, wakaombe tyubu chakavu. Kata ukanda mrefu, usokote mzunguko mmoja kamili, unganisha ncha zake kwa solusheni ya kuzibia pancha, na usiwe na haraka, uache ukauke. Kisha pitisha mkasi katikati ya upana wake mpaka urudi ulikoanzia. Zitatoka pete mbili, lakini hazitaachana: zimepitana kama pingili za mnyororo. Msokoto umegeuka mfungamano mbele ya macho yako, ndiyo maana vyote viwili huingia katika hesabu moja. Mrija, yaani fungu la mistari ya uga, wenye fluksi Φ (kiasi cha uga kinachopita ndani yake), uliosokotwa mara moja una helisiti ya Φ². Ukiupasua hivyo, nusu yake hubaki katika misokoto ya pete hizo na nusu ya pili huwa katika kupitana kwake.

Programu ya kukokotoa helisiti ifuate baadaye. Ipe mirija miwili isiyosokotwa, iliyopitana mara moja, yenye fluksi 3 na 5. Jibu ni 30 au −30, kutegemea mielekeo ya uga. Ikikupa 15, umehesabu upande mmoja tu wa jozi: wa kwanza kupitana na wa pili, bila wa pili kupitana na wa kwanza.

Mimi nilipoteza wiki mbili nikisaka kosa katika programu yangu, kwa kuwa jibu lilibadilika kila nilipobadili geji ya potensheli vekta (potensheli ni vekta ambayo uga hukokotolewa kutoka kwake, na geji ni chaguo la namna ya kuiandika bila kubadili uga), na kumbe programu ilikuwa nzima. Uga wangu ulikuwa ukitoboa kuta za kisanduku cha hesabu, kama unavyotoboa uso wa Jua, na katika hali hiyo helisiti ya kawaida haina thamani moja. Kinachopimwa ni helisiti ya ulinganisho, ambayo wanafizikia Berger na Field waliieleza mwaka 1984: uga wako hulinganishwa na uga usio na mkondo wa umeme, unaotoboa kuta zilezile kwa kiasi kilekile.

Hata hivyo, kagua kwanza kama kila fluksi inayoingia katika kijisanduku cha gridi (vipande vidogo ambavyo programu hugawia kisanduku) inatoka. Data za uga wa Jua zilizokadiriwa kutoka vipimo vya usoni kwenda juu hukosea hapo mara nyingi, na mstari uliokatika njiani hauwezi kuhesabiwa umepitana na nini.